DAWA YA DAMU SI JUISI (Mfululizo wa Kabati la Dawa, sehemu ya 4)

1.
Sehemu zilizopita tulitoa vitu kabatini kimoja kimoja. Leo tunatoa viwili vinavyokaa pamoja: ile chupa ya dawa ya damu, na ile karatasi ya kwinini iliyobaki tangu mwaka usioujua.

Nasema wazi ili asije mtu akasema hakuelewa. Kumpa mtoto dawa ya damu bila ya kumpima damu ni kosa. Ni kosa hata kama umeambiwa na bibi, na muuza duka, na jirani ambaye mtoto wake alinenepa. Na anayekuuzia bila ya kukuuliza umri wa mtoto, uzito wake na kipimo chake, huyo hajakusaidia. Kakuuzia tu.

Najua nitajibiwa. Jibuni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

2.
Mambo yanavyokwenda majumbani tunayajua. Mtoto hali vizuri, kapauka kidogo. Mama anavuta kope la chini, anatazama kiganja, anasema "huyu hana damu". Shangazi anatumwa Darajani anarudi na chupa. Picha ya mtoto mnene, ladha ya chungwa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Chupa ikisha, nyengine. Akipata homa anaongezewa, maana "homa imemla damu". Na kama yupo mzee nyumbani, itachimbuliwa nusu kidonge ya kwinini, isagwe, ichanganywe na asali.

Hapo mtoto mmoja kapata dawa mbili kali, na hakuna aliyejua anaumwa nini.

Sisemi hivi kuwacheka. Upungufu wa damu kwa watoto wetu ni wa kweli, tena mkubwa. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 wana upungufu wa damu. Kwa hiyo mama anayehofia hajakosea kuhofia. Anakosea anaporuka kutoka hofu hadi chupa bila ya kupita kwenye kipimo.

3.
Sasa hapa ndipo penye fundo lote, naomba mlisome polepole.

Damu hupungua kwa njia mbili tofauti. Kuna damu INAYOTOKA mwilini, na kuna damu INAYOVUNJIKA humo humo ndani.

Damu inayotoka ni kama ya minyoo ya safura inayonyonya kwenye utumbo, kichocho kinachotoa damu kwenye mkojo, hedhi nzito, uzazi. Hii ikitoka inatoka na chuma chake. Mtu huyu anakosa chuma kweli kweli. Tafiti za Pemba za miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa skuli zilionesha jinsi safura inavyowamaliza watoto chuma.

Damu inayovunjika ni ya malaria na ya selimundu, ile mnayoiita siko seli. Chembe nyekundu zinapasuka, mtoto anapauka, macho yanakuwa manjano. Lakini chuma kilichokuwemo kwenye chembe hizo hakikwenda popote. Kwa kiasi kikubwa kimebaki mwilini, kimewekwa ghalani kwenye ini na wengu. Kipimo cha wingi wa damu kitashuka, na ghala limejaa.

Ukimtazama kiganja tu, watoto hawa wawili wanafanana. Mmoja anahitaji chuma. Mwengine ukimpa chuma unamwagia maji mtungi uliokwisha jaa.

4.
"Si atakikojoa tu kilichozidi?" Hapana. Hilo ndilo jambo ambalo picha ya mtoto mnene kwenye chupa haikwambii.

Vitamini C ukizidisha, nyingi inatoka kwenye mkojo. Chuma hakina mlango wa kutokea. Mtu mzima anapoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, kwa ngozi inayobanduka na utumbo unaojisafisha. Kwa hiyo mwili haudhibiti chuma kwa kutoa, unadhibiti kwa kukataa kupokea. Ini linatengeneza homoni inayoitwa hepsidini, na kazi yake ni ya bawabu: ghala likijaa, anafunga mlango wa utumbo.

Na sikilizeni hili. Mtoto akiwa na homa ya maambukizi, hepsidini inapanda na mlango unafungwa. Mwili unakificha chuma makusudi, kwa sababu vijidudu navyo vinakitaka chuma ili vizaliane. Sasa mwenyewe Mola kaujaalia mwili hekima ya kufunga ghala mwizi akiwa mtaani, wewe unapita dirishani na kijiko. Chuma hicho hakiingii kwenye damu vizuri. Kinabaki tumboni kulisha wasiotakiwa.

Hili nalo limepimwa karibu na sisi. Kwale, pwani ya Kenya, watoto 115 walioanza wakiwa na miezi 6 walipewa uji wenye unga wa virutubisho. Waliopata wenye chuma, vijidudu vibaya viliongezeka matumboni na utumbo ukaonesha dalili za uvimbe. Matokeo yalitoka 2015.

5.
Lakini ushahidi mzito kuliko wote haukutoka Ulaya wala Marekani. Umetoka hapa kwetu, ng'ambo ya mkondo tu, Pemba. Na inaniuma kwamba wanafunzi wa udaktari dunia nzima wanausoma, na mama wa Michenzani hajawahi kuusikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wa Pemba wa umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa kila siku chuma miligramu 12.5 pamoja na asidi ya foliki, walio chini ya mwaka wakipewa nusu. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, ili walinganishwe. Kwa jumla utafiti wote ulikuwa na watoto zaidi ya 24,000. Timu iliongozwa na Sunil Sazawal na wenzake, na watu walitarajia kheri: chuma kitaongeza damu, watoto watakuwa na nguvu, vifo vitapungua.

Ikawa kinyume. Waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua kiasi cha kulazwa. Agosti 2003 kamati ya usalama ilisimamisha sehemu ya chuma. Ripoti ikachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zote zenye malaria.

Wakati huohuo utafiti wa aina hiyohiyo ulifanywa Nepal, sehemu isiyo na malaria. Huko chuma hakikuleta madhara hayo. Dawa ni moja, watoto ni watoto, kilichotofautiana ni maradhi yaliyowazunguka.

Sasa ungojee jambo la pili, ambalo watu wa mitandaoni wanalikata. Pemba hiyohiyo kulikuwa na kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu na kufuatiliwa, wakitibiwa malaria mapema. Humo, wale waliokuwa wamepungukiwa chuma kweli na wana upungufu wa damu walinufaika nacho. Kipimo ndicho kilichotenganisha dawa na madhara. Watoto wa Pemba walishalipa gharama ya kujua hilo, na dunia imefaidika. Sisi wenyewe tusijue? Hapana.

6.
Tuje kwenye kwinini, maana hizi dawa mbili zina hadithi moja.

Kwinini inatoka kwenye magome ya mti wa milima ya Amerika Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kutoka kwenye magome hayo. Ni alkaloidi, yaani ile aina ya kemikali, nyingi zikiwa chungu, ambayo mimea huitengeneza. Miti hiyo ililetwa kwetu pia: Wajerumani waliipanda Amani, milima ya Usambara, na Bukavu kule Kongo magome yake yamesindikwa kuwa dawa kwa miaka mingi.

Inafanyaje kazi? Mdudu wa malaria akiingia kwenye chembe nyekundu anakula hemoglobini. Ndani yake mna chuma, kimeshikwa kwenye kitu kinachoitwa hemu. Hemu ikizagaa ni sumu kwa mdudu mwenyewe. Kwa hiyo anaifunga kuwa vijiwe vidogo vya kahawia, ndivyo fundi wa maabara anavyoviona kwa darubini. Kwinini na ndugu yake klorokwini, kwa jinsi wataalamu wanavyoeleza, zinamzuia asivifunge vijiwe. Anakufa kwa taka za chakula chake.

Mmeona? Hata mdudu wa malaria anajua kwamba chuma kisichofungwa ni sumu. Sisi wenye akili ndio tunaokiita "vitamini tu".

7.
Na kwinini si ya kukaa kabatini. Inashusha sukari ya damu, khasa kwa watoto na wajawazito, na mtoto mwenye homa ambaye hajala anaweza kupoteza fahamu kwa sukari, nyinyi mkadhani ni degedege. Ikizidi inaleta mlio masikioni, inaharibu kusikia na kuona, inavuruga mapigo ya moyo. Na tangu enzi za ukoloni inajulikana homa ya mkojo mweusi: chembe za damu zinavunjika kwa wingi, mkojo unakuwa rangi ya kahawa. Ilihusishwa sana na watu waliokuwa wakila kwinini leo, kesho wakaacha, keshokutwa wakala tena.

Unganisha sasa. Mtoto kavunjikiwa damu, kapauka. Nyumbani wanasema "hana damu", wanaongeza chupa ya chuma. Yaani juu ya ghala lililojaa.

Tena kwa malaria kali kwinini ilishapitwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliochomwa sindano ya kwinini walikufa asilimia 10.9, waliochomwa atesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Na malaria ya kawaida Zanzibar tunatibu kwa dawa mseto tangu 2003. Sasa nusu kidonge ya kwinini kwenye asali inatibu nini?

"Lakini ni ya mti, ya asili." Na sumu nyingi ni za miti. Lile ua dogo la pinki lenye asili ya Madagaska, linalopandwa sana mabarazani, ndimo zinamotoka dawa za kutibu saratani ya damu ya watoto. Nazo ni alkaloidi, na nesi anazishika kwa glavu. Asili haina maana ya upole.

8.
Mama mwenye mtoto wa selimundu, hii ni yako.

Mtoto wako damu yake inavunjika, haitoki. Na akiwekewa damu hospitali, kila chupa moja ya mtu mzima inabeba chuma kiasi cha miligramu 200 hadi 250. Akiwekewa mara nyingi kinajikusanya: kwenye ini, kwenye moyo, kwenye tezi zinazomfanya akue na abaleghe. Dawa za kukitoa zipo, lakini ni za miaka, na bei yake si ya kijiko cha jioni. Halafu kuna anayekushauri umwongezee chuma kwa mdomo!

Na mtego mmoja mdogo unaowanasa wengi: daktari anamwandikia mtoto wa selimundu FOLIKI. Nyumbani kuna vidonge vya mama vya kliniki, na vimeandikwa foliki pia. Mama anaona ni vilevile, anampa. Si vilevile. Vya kliniki ni mchanganyiko wa chuma NA foliki. Soma karatasi. Kama kuna neno "ferrous" au "iron", si vya mtoto huyo mpaka daktari aseme.

Wenye asili ya thalasemia nanyi vivyo hivyo. Jamaa zetu wa Oman wanaijua vizuri. Damu inaweza kuwa ndogo maisha yote na chuma kimekaa kamili.

9.
Hili ni la usalama, nalisema kwa sauti kubwa.

Kidonge kimoja cha chuma cha mjamzito kina kiasi cha miligramu 60 za chuma. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo kama 10. Akimeza vidonge 10 amepata miligramu 60 kwa kila kilo, na hicho ni kiwango cha kuua. Vidonge vyenyewe vimepakwa rangi na utamu, vinafanana na peremende, na mkoba wa mama unakaa kitandani.

Dalili zinadanganya. Kwanza anatapika, anaharisha, pengine na damu. Halafu baada ya masaa kadhaa anatulia, anaonekana kapona. Hapo ndipo familia inasema "alhamdulillahi kapona" na kukaa nyumbani, wakati chuma kinaingia kwenye ini. Usikae. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe maziwa ukadhani yatatosha. Chukua mtoto, chukua na karatasi ya vidonge, nenda hospitali saa hiyohiyo.

10.
Sasa majibu kwa wanaonisubiri.

"Nesi unawatisha wajawazito, wataacha vidonge." Mjamzito, wewe KULA vidonge vyako vya kliniki. Unajenga damu yako na ya mtoto, unajiandaa na damu ya uzazi. Usile pamoja na chai, na acha udongo, maana udongo unakishika chuma kisiingie. Choo kikiwa cheusi usiogope. Kikikuvuruga tumbo rudi kliniki, usivifiche chini ya godoro. Niliyoyasema juu hayakuhusu wewe, isipokuwa pa kuvihifadhi.

"Mbona Shirika la Afya Duniani linasema watoto wapewe chuma?" Linasema, ndiyo. Penye upungufu mkubwa wa damu, watoto wa miezi 6 hadi 23 wanaweza kupewa kwa dozi ndogo na muda maalum, na penye malaria iwe pamoja na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Uchambuzi mkubwa wa tafiti wa Cochrane wa 2016 nao uliona kwamba pakiwa na huduma hizo hatari haionekani kuongezeka. Huo ni mpango wenye mtu anayefuatilia. Chupa ya Darajani isiyo na mwisho si mpango.

"Zanzibar malaria imekwisha." Imeshuka sana, kwa miaka mingi ilikuwa chini ya asilimia 1, na tunamshukuru Mungu na waliofanya kazi. Haijakwisha. Boti zinakwenda na kurudi kila siku, mtoto anapelekwa Tanga kwa bibi, anarudi na homa. Na maambukizi si malaria peke yake.

"Kipimo ni gharama, na foleni." Hapa nakubali nusu. Mama wa Makunduchi kupoteza siku nzima kwa tone la damu ni uonevu, na wakubwa wetu wa afya wanapaswa kulisikia: kipimo cha wingi wa damu kiwepo kila kituo, kila siku, si pale mashine ikitaka. Lakini chupa tatu za dawa ya damu nazo ni pesa. Pesa hiyo inafika kwenye kipimo.

"Basi nitampa rozela na bitiruti." Mpe, ni vinywaji. Lakini rangi nyekundu si chuma. Kama wekundu ungekuwa damu, ungo wa tungule ungetosha wodi nzima.

11.
Kwa hiyo ufanye nini? Shika haya.

Mtoto amepauka, anachoka, hali: kituo cha afya, apimwe wingi wa damu. Akiwa na homa, apimwe na malaria siku hiyohiyo, na homa itibiwe kwanza.

Damu ikiwa ndogo, uliza swali moja: "Inatoka au inavunjika?" Muulize daktari hivyohivyo. Una haki ya jibu. Uliza kama anahitaji dawa ya minyoo, kipimo cha kichocho, kipimo cha selimundu.

Ukipewa dawa ya chuma, uliza miligramu ngapi, siku ngapi, na lini arudi kupimwa. Dawa ya chuma isiyo na tarehe ya kurudi haijakamilika.

Aliyezaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati ana utaratibu wake wa chuma. Fuata wa daktari wako, usiukate kwa sababu umesoma mimi.

Baada ya miezi sita, sahani ifanye kazi: maini, dagaa wa kusaga, samaki, kunde, choroko, mchicha, na kipande cha chungwa au embe baada ya kula ili chuma cha mboga kiingie. Chai usimpe mtoto mdogo na chakula. Chai inakifunga chuma, na humu Unguja tunawanywesha chai watoto kabla hawajaota meno yote.

Kwinini iliyobaki: rudisha duka la dawa au kituo. Usimwachie jirani.

Na nyinyi wenye maduka, mnanisoma, nawajua mpo. Mama akija na "nipe dawa ya damu ya mtoto", swali lenu la kwanza liwe "kapimwa?" Kama hakupimwa, mwelekezeni kituoni. Mtakosa faida ya chupa moja. Mtoto wa Kikwajuni hatakosa ini lake.

Mtumie huu ujumbe shangazi yule anayetumwagwa dukani. Ndiye anayeshika chupa.

Sehemu ya 5: dawa za usingizi za watoto wachanga. Hiyo tutagombana zaidi.